Tangi la Juu la Baba Winfrida

Mume wangu Selestini amejenga visima vya maji ya mvua nusu ya Makote hii ya Newala. Anachimba shimo, anazungushia ukuta wenye unene wa tofali moja, anapiga plasta, basi. Maji yanatoka batini yanaingia shimoni. Huku juu hatuna mto. Asiye na kisima anashuka bondeni alfajiri na kupanda jua likiwa utosini.

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa korosho walipoanza kufika na malori, tuliuza zetu kwa bei nzuri, na fundi asiye na kisima kwake akapata saruji yake mwenyewe. Akaniambia, "Mama Winfrida, sisi tunajenga tangi la juu. Wewe unafungulia koki tu." Nilipiga kigelegele. Sisemi uongo, ile koki niliitaka kuliko yeye.

Ukuta akaupandisha mita tatu juu ya ardhi, unene tofali moja vilevile. Binti yetu Winfrida, wa kidato cha pili, akaupima kwa kamba, akaandika kwenye daftari lake.

"Baba, likijaa, kanieneo kule chini itakuwa paskali elfu thelathini. Kila mita ya mraba itasukumwa na niutoni elfu thelathini. Ni uzito wa magunia thelathini ya mahindi!"

"Nimejenga visima kabla hujazaliwa. Kipi kilipasuka?"

"Vile vimezungukwa na udongo, Baba, nao unavisukuma kutoka nje. Hili halina kitu cha kulizuia."

Selestini alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nami nikacheka, mjinga mkubwa.

Mwezi wa tatu mvua ikamwagika siku nne mfululizo, tangi likajaa pomoni. Siku ya tano nikaona ufa mwembamba chini kabisa, unatoa jasho. Winfrida akakimbilia koki. "Mama, tuyapunguze yabaki nusu! Kina kikipungua, kanieneo nayo inapungua!"

Nikampiga mkono. "Kumwaga maji? Newala hii? Una wazimu wewe!" Hapa kwetu hata maji ya kuoshea vyombo tunayamwagia mche. Jamani, nilimpiga kwa mkono wangu huu huu.

Mchana Selestini akachuchumaa kuuziba ufa kwa saruji. Ukuta ukamwangukia nyongani. Maji yote yakapita chini ya mikorosho, mchanga ukayanywa kabla jirani hata mmoja hajafika na ndoo. Tulimtoa chini ya matofali analia kama mtoto, akimwita Winfrida, akimwomba msamaha.

Hajasimama tena mpaka leo. Mimi ndiye ninayemgeuza, ninayemfulia, na shamba ni langu peke yangu. Maji je? Tangu mwezi wa tano Winfrida anashuka bondeni. Mwalimu wake amekuja mara mbili kumuulizia. Mgonjwa bila maji anaoza. Nilimwamkia, nikamkaribisha kiti, nikarudi ndani kumgeuza Selestini.

Juzi mwanangu alirudi kashika utosi, machozi yanamtoka.

"Ndoo ya lita ishirini ni niutoni mia mbili, Mama," akasema. "Hizo hazipungui. Lakini ukinizungushia kata pana, zitatawanyika kichwani, haitauma sana."

Safari hii nilimsikiliza. Nikamwambia sina kitambaa kizito cha kutengenezea kata ya namna hiyo.

Akaingia ndani, akanitolea sketi yake ya shule.

Nikaizungusha.