Kadi Nyekundu za Karakana

Tulimwita Mama Kadi, na si kwa mapenzi. Alikuwa fundi mkuu wa karakana katika shule yetu ya ufundi, ile ya bure iliyokuwa chini ya chuo kikuu, na kazi yake, tulivyoona sisi, ilikuwa kutukatalia. Mashine ikikohoa kidogo tu, anaitundikia kadi nyekundu: mbovu, usiwashe. Tulimsengenya weee! Lakini kwa miaka ishirini na miwili hakuna mwanafunzi aliyetoka mle amepungukiwa kidole.

Muhula ule wakaanza kuja watu wa chuo. Walipima kuta kwa futi kamba bila kumsalimia mtu, wakaandika namba kwa rangi nyeupe juu ya milango. Mdogo wangu alikuwa ajiunge mwaka uliofuata, na nyumbani hatukuwa na uwezo wa kumpeleka kwingine.

Jumatatu mkuu wa shule aliingia karakana jasho likimtoka.

"Dada, kesho wanakuja kukagua. Wanayataka majengo haya, wanatafuta sababu tu. Wakikuta hata mashine moja mbovu, wanafunga shule."

"Ile ya kukereza chuma hapo pembeni imelegea meno. Itatema chuma. Nimewaandikia barua sita kuomba spea."

"Itoe kadi, nakuomba. Watatazama tu, hakuna atakayewasha."

Mama Kadi aliitoa mwenyewe, akaitia mfukoni, wala hakututazama. Karakana ilinitisha kuanzia hapo.

Kesho yake wakaja watatu. Mwembamba mwenye kalamu alituzungukia polepole, kisha akasimama karibu yangu, kwenye mashine ileile.

"Haya binti, washa tuone."

Nilijua. Naapa nilijua. Lakini nilimfikiria mdogo wangu, nikafunga kipande cha chuma, nikapeleka kidole kwenye swichi.

"Acha!" Mama Kadi alikuwa ameshaukamata mkono wangu. "Hiyo ni mbovu. Kadi yake ninayo mimi."

Mkuu wa shule akafumba macho. Mgeni wala hakukasirika. Alitabasamu, akafungua kalamu.

Shule ilifungwa kabla ya muhula kwisha. Mdogo wangu hakusoma tena. Siku ile ya ukaguzi nilimchukia Mama Kadi mpaka nikalia, na yeye alikuwa bado ameukumbatia mkono wangu kifuani, anahesabu vidole.