Panya wa Karatasi

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipomwona panya akifa katika saa tuliyomwandikia.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Nilikuwa karani wa maabara ndogo mjini Tabora iliyochunguza malale, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Mtaalamu wetu, dada aliyerudi karibuni kutoka masomoni, alikuwa na kitu alichokiita panya wa karatasi. Lilikuwa daftari lenye safu tatu: sukari ambayo ini la panya huitoa, sukari inayotumiwa na mwili, na sukari inayoliwa na vimelea vya malale, ambavyo huongezeka maradufu kila baada ya saa chache. Kila mstari ulikuwa saa moja. Alisema ng'ambo kazi hiyo hufanywa na kompyuta inayojaza chumba. Sisi tulikuwa na mashine ya hesabu yenye mpini, na mzungusha mpini nilikuwa mimi.

"Mnyamwezi gani wewe?" mtani wangu Mgogo, mlisha panya, alinicheka. "Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka pwani, wewe kimpini kinakutoa jasho!"

Kwenye mstari wa Alhamisi, saa nane mchana, sukari ilifika sifuri: panya wa karatasi amekufa. Asubuhi ya siku hiyo panya wa kweli, aliyedungwa vimelea mwanzoni mwa wiki, alikuwa akitafuna mahindi, macho yanang'aa.

"Karatasi yenu imelewa," mtani alisema. Hata mimi nilicheka.

Saa saba na nusu panya akaacha mahindi. Akatetemeka, akalala ubavu. Kabla ya saa tisa alikuwa amekwisha. Mtani akavua kofia.

Nilizitazama tarakimu, mwandiko wangu mwenyewe, na ndipo ganzi iliponiingia. Si kwa ajili ya panya. Nyumbani kwetu alikuwapo mjomba, mrina asali kutoka misitu ya Ipole. Alikuja na homa; sasa mchana alisinzia tonge mkononi, na usiku hakupata usingizi. Hospitali aliikataa, akisema ni uchovu wa msituni tu. Nami, wiki tatu nzima nazungusha mpini wa malale, jioni nakula naye sinia moja, sikuwa nimeona kuwa huo ndio ugonjwa wenyewe!

"Dada, mkokotoe mjomba wangu," nilimwambia mtaalamu. "Ana siku ngapi?"

"Tarakimu hizi ni za panya," alijibu kwa ukali. "Za mtu sina. Mlete tumpime damu, sasa hivi."

Nilimkuta mjomba nyumbani, ameegemea ukuta. "Shikamoo mjomba. Inuka twende."

"Marahaba. Kumbe mpwa wangu amekuwa polisi," alinung'unika. Nadhani uso wangu ulimtisha, maana alinifuata.

Mtaalamu alimtoa tone la damu kidoleni, akainamia hadubini kwa muda mrefu. Kisha akampisha atazame mwenyewe.

"Huyu anayejinyonganyonga ni nani?" mjomba aliuliza.

"Ni mgeni wako, mzee. Yumo ndani yako."

"Yuko peke yake?"

"La."

Mjomba, ambaye hata nyuki walipomvimbisha uso hakukosa la kuchekesha, alifunga kifungo cha shati, akakifungua, akakifunga tena.

"Hospitali ni njia gani?" aliuliza, mtu aliyekuwa akiuza asali katika mji huu tangu sijazaliwa.

Nikamshika mkono.