Chupa ya Damu ya Shangazi

Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Tulikuwa katika darasa la shule ya msingi huko Kamachumu, madawati yamesukumwa ukutani, nami nimevaa koti jeupe lililonitia aibu mbele ya watu walionijua tangu nikiwa sina viatu. Nje walisimama watu kama thelathini na hakuna aliyetaka kuingia. Nilikuwa nimewaeleza kwa Kiswahili, kisha kwa Kihaya, kwamba tunachukua damu kidogo tu ili tujue watu wa upande huu wa ziwa wanahusianaje tangu zamani. Walinisikiliza kwa adabu. Lakini miaka ile kila kibanja, yaani shamba la nyumbani, kilikuwa na kaburi bichi katikati ya migomba, vingine matatu au manne, na mtu akija na sindano ulijua anachokitafuta.

“Mkiukuta ule ugonjwa, mtatuambia?” mwanamume mmoja aliniuliza akiwa mlangoni.

“Hatuutafuti,” nilimjibu. “Kipimo chetu si hicho.”

“Kwa hiyo mtakaa nao kimya.”

Ndipo Mama akampita, akaketi, akanipa mkono. Nyuma yake akaja shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Hakuwahi kuolewa. Aliishi nasi kwenye kibanja kilekile, akishona nguo kwa cherehani barazani. Siku ile alikuwa amekwisha kukonda, na mshipa wake niliutafuta mara tatu.

“Chukua ya kutosha, mwanangu,” alisema. “Mimi sina kazi nayo tena.”

Baada yao watu wakaanza kuingia mmoja mmoja.

Shangazi alikufa kabla ya mavuno ya kahawa. Barua ya msiba ilinikuta nikiwa nimerudi ng’ambo, kwenye chuo nilikokuwa nasoma elimu ya vinasaba. Barua zikaendelea kuja. Chupa zetu zilikuwa na namba tu, bila majina, ndivyo utaratibu ulivyotaka; lakini namba zile nilizibandika mwenyewe, na sura ziling’ang’ania. Kila nilipofungua jokofu la maabara nilijua ni nani yuko mstari wa pili na nani wa tatu, na nani kati yao amezikwa. Yule mwanamume wa mlangoni naye alikufa. Mdogo wangu wa kike alikufa, akamwachia Mama watoto wawili. Damu yao ilikuwa imesimama wima kwenye barafu, kama nilivyoiacha, tayari kujibu swali lolote nitakaloiuliza. Wenzangu walikuwa wakipiga gumzo huku wanafanya kazi. Mimi nilinyamaza nikiwa karibu na jokofu lile, kama mtu aliye kanisani.

Kaka yangu hakuwamo humo. Yeye tulimpoteza kabla, wakati wa vita na Uganda. Alikuwa karani katika duka la vitambaa mjini Bukoba, la familia moja ya Kihindi, na alipanga chumba mtaa wa Bilele. Mabomu yalipoanza kuanguka mjini, familia ile ilikimbilia Mwanza ikamwachia funguo. Watu waliokimbilia kwetu walituambia walimwona akifunga milango ya duka. Baada ya hapo, kila mtu alisema lake. Mmoja alimwona na mgambo wakielekea mpakani. Mwingine alisikia ameoa Uganda. Vita vilipokwisha, wanajeshi walirudi wakipita barabarani, na Mama alisimama pale siku nyingi akiangalia kila gari.

Hakukuwa na matanga. Mama alikataa. “Silii mtu ambaye sijamwona,” alisema, na tangu hapo kaka yangu hakuwa hai wala hakuwa marehemu. Tukisali rozari jioni, Mama alimtaja mahali ambapo hapakuwa pa wazima wala pa wafu, baada ya kimya kidogo.

Miaka mingi baadaye, mkulima mmoja wa Buhembe, pembeni mwa mji wa Bukoba, alikuwa akichimba shimo la choo kando ya migomba yake akakuta mifupa ya mtu. Ilikuwa na mkanda uliooza na funguo tatu zilizoshikana kwa kutu. Habari zilifika Kamachumu upesi. Mama alipanda basi kwenda mjini, akawaomba polisi funguo zile, akampelekea mzee wa lile duka, ambaye alikuwa amerudi baada ya vita na kubaki karibu peke yake, wanawe wote wakiwa wamehamia mbali. Mzee alizigeuza mkononi muda mrefu.

“Mama, zinafanana na zangu,” alimwambia. “Lakini makufuli ya aina hii yalikuwa mji mzima.”

Na hatukuwa peke yetu. Mume na mke wa hapohapo Buhembe walidai mifupa ile ni ya mtoto wao, aliyepotea siku zilezile. Polisi wakasema haizikwi mpaka ijulikane ya nani. Mama akanipigia simu kutoka posta.

Nilikuja. Kwa kibali cha polisi nikachukua jino moja na kipande cha mfupa wa paja, kisha nikamtoa damu yule mama wa Buhembe. Nilimweleza kwamba kuna vinasaba ambavyo mtoto huvipata kwa mama yake tu, na mama yake kwa mama yake, hivyo hivyo kurudi nyuma, na kwamba mfupa huweza kuvitunza. Nilipofika nyumbani nikamweleza Mama vilevile. Nikamwambia yeye sina haja ya kumchoma tena, kwa sababu damu yake ninayo.

Alikuwa anamenya ndizi. Aliendelea kumenya.

“Na ya shangazi yako unayo bado?”

“Ninayo.”

“Usiitupe,” alisema.

Nilidhani ni majonzi tu. Walikuwa wamependana sana, mawifi wale.

Kazi ilichukua miezi, maana mfupa uliokaa kwenye udongo wa mvua nyingi ni mgumu kuusoma. Majibu yalipotoka, mama wa Buhembe hakuwa mama wa yule mtu. Mama yangu naye hakuwa. Nililinganisha mara ya pili, nikijua jibu halitabadilika, na halikubadilika. Basi ni mtu baki, nilijiambia. Askari, au mpita njia. Kisha nikakumbuka zile ndizi, na sauti ya Mama. Utaratibu ulinikataza kuigusa chupa ya mtu kwa jambo ambalo hakulikubalia. Nilikaa na katazo hilo siku mbili. Siku ya tatu nikaitoa chupa ya shangazi.

Vinasaba vyake na vya mfupa vilikuwa sawa, alama kwa alama.

Sikuandika barua. Nilisafiri mpaka Kamachumu, nikamkuta Mama shambani akichuma kahawa. Nikamwambia mfupa ule si wa mtoto aliyetoka tumboni mwake. Akaweka kikapu chini, akaketi juu ya majani makavu.

“Sikumzaa,” alisema. “Nilimlea.”

Akanisimulia bila haraka. Alikuwa ameolewa miaka mitatu bila mtoto, na watu wameanza kumsema. Shangazi akapata mimba akiwa bado nyumbani kwa baba yake, na siku hizo msichana wa namna hiyo aliweza kufukuzwa asionekane tena. Baba akawapeleka wote wawili Karagwe, kwa jamaa wa upande wa Mama. Walirudi baada ya mwaka, Mama akiwa na mtoto mgongoni.

“Hapa nyumbani tulijua watu watatu. Sasa nimebaki mimi. Nawe.”

“Kwa nini hukuniambia nilipochukua jino?”

“Ningekuambia, ungekuwa umeambiwa na mimi. Nilitaka uambiwe na yeye. Kila siku shangazi yako alimwona mwanawe akiniita mimi Mae, mama. Alikuwa ananyanyua cherehani yake anaingia ndani.”

Nilikumbuka kwamba ni kweli, kwamba shangazi alikuwa na tabia hiyo, na kwamba sisi watoto tuliigiza kwa kicheko.

Kwa mila yetu mtoto hufuata ukoo wa baba yake, na baba wa huyu hakutajwa kamwe. Wazee wa ukoo wangeweza kumkatalia kaburi kwenye kibanja. Mama hakuniomba niseme uongo. Aliniuliza tu kama karatasi ya polisi ni lazima ieleze yote. Niliandika kwamba vinasaba vya mfupa vinalingana na vya jamaa yetu wa kike aliyefariki. Kila neno lilikuwa kweli.

Kwanza nilikwenda Buhembe. Yule mama alinikaribisha kahawa, akanisikiliza hadi mwisho.

“Basi wangu bado yuko,” alisema. Sikujua kama alikuwa anashukuru au analia. Bado sijui.

Tulimzika kaka yangu alasiri moja yenye manyunyu, kando ya shangazi. Mama ndiye aliyechagua mahali, na hakuna aliyeuliza. Aliombolezewa kama aliyekufa jana. Nyumba ilitandikwa nyasi, wanawake wakalala chini siku nne, na kwa mara ya kwanza nikamsikia Mama akilia kwa sauti.

Matanga yalipokwisha, baba mdogo, ambaye alikuwa mtoto mdogo enzi za safari ile ya Karagwe, alinifuata nilipokuwa nikifunga mzigo wangu. Akasimama akiyatazama makaburi mawili, la kaka na la shangazi.

“Hicho kipimo chako,” alisema, “kilisema nini hasa?”

“Kilisema ni wa kwetu, baba.”

Akachukua panga lake, akaenda kukata majani ya migomba ya kufunika udongo wa kaburi jipya, maana mvua ilikuwa inaongezeka.