Nyama ya Kaya ya Baba

Katika kaya ya baba yangu visu vilikuwa vingi, lakini cha kuchinjia kilikuwa kimoja. Kilikaa ndani ya ala ya ngozi, kimechomekwa kwenye nyasi za paa juu ya mlango wa nyumba ya mama, na hakuna aliyekigusa ila baba. Mama alikuwa na visu vyake vya mboga na vya kukatia viazi vya michembe, vile vinavyokaushwa juani. Sisi vijana tulikuwa na vyetu vya kuchongea fimbo. Kile cha nyasini kilikuwa cha mwenye kaya. Mtoto wa kiume akikishika baba yake angali hai, ilikuwa sawa na kumwambia baba kwamba amechelewa kufa. Hakuna aliyetufundisha jambo hilo. Tulikua tukilijua, kama tulivyojua kutopita mbele ya ng'ombe anayezaa.

Naanza na kisu kwa sababu asiyekijua atashangaa kwa nini jambo lililoonekana dogo lilituchukua miaka mingi, baba na mimi.

Kwetu ni mbugani, mwendo wa kutwa kwa miguu kutoka stesheni ya Shinyanga. Wakati wa vita vya Wazungu niliondoka kwenda Geita kutafuta kazi kwenye dhahabu. Kambini nilipangiwa chumba kimoja na mtu mzima wa Ujiji aliyesimamia pampu ya kutoa maji shimoni. Kitu cha kwanza nilichokiona kwake ni maji. Kila mmoja wetu alipata maji kidogo ya kunawa baada ya zamu, na wengi tulijimwagia yote mara moja kuondoa tope. Yeye aliweka kando kopo moja, akaenda nyuma ya nyumba, akanawa taratibu mikono, mdomo, uso na miguu, kisha akasimama juu ya gunia safi akaswali. Alitoka shimoni amechoka kama sisi. Wenzetu walikwenda kilabuni, na mimi nilikuwa nao, lakini tuliporudi tukipiga kelele tulimkuta ametulia kwa namna ambayo pombe haikuwahi kunituliza.

Hakunihubiria. Nilipomuuliza anafanya nini alicheka, akaniambia nianze kwanza kuoga vizuri, mengine yatafuata. Yalifuata polepole. Nilitoa shahada mbele yake na wenzake wachache, nikajifunza Alhamdu kwa kuirudia nikisukuma toroli la mawe, nikaacha pombe, nikafunga mwezi wa Ramadhani kwa taabu kubwa. Mwisho nikakata ukanda wa ngozi ya kondoo ambao baba alinifunga mkononi siku niliyoondoka, ili wazee wetu waliokufa wanitambue huko ugenini. Kuuvua ukanda ule kuliniuma kuliko njaa ya Ramadhani.

Niliporudi nyumbani mara ya kwanza, baba alichinja dume. Mimi ni mzaliwa wa kwanza, na nilikuwa nimetoka kwenye mashimo ambako watu wengine hawakurudi. Majirani waliitwa. Jioni tukakaa shikomeni, kwenye moto ulio mbele ya zizi, ambako wanaume wote wa kaya hula pamoja. Bakuli la mti likawekwa katikati. Baba akatoa kipande cha ini kutoka kwenye makaa, akakipuliza, akaninyooshea kwa vidole vyake. Ndivyo alivyonifanyia tangu nikiwa mdogo: ini la kwanza lilikuwa langu, nalo lilikuwa daima la moto mno.

Sikulipokea. Nilimwambia kwa sauti ya chini kwamba nitakula ugali na maziwa.

Mdogo wangu aliyenifuata, ambaye ulimi wake haukuwahi kupumzika, akawaambia majirani, "Muacheni. Mswahili anaogopa nyama itamng'ata."

Kwetu siku zile Mwislamu aliitwa Mswahili, hata kama alizaliwa mlango wa pili. Watu walicheka, nami nikacheka nao. Baba hakucheka. Alirudisha ini kwenye makaa na hakula chochote mpaka wageni walipoondoka.

Asubuhi alinikuta nyuma ya ghala la mtama. Mama alikuwa amenifagilia hapo pahali mbuzi wasipopita, bila kuniuliza, kwa kuwa aliniona nikihangaika kutafuta ardhi safi. Baba alingoja mpaka nikamaliza kuswali. Akauliza, "Nyama yangu ina nini?"

Nikamweleza kama nilivyofundishwa. Sharti achinje Mwislamu, na wakati wa kuchinja litajwe jina la Mwenyezi Mungu.

"Mimi nilitaja," akasema. "Nilimtaja baba yangu, na baba yake, na wote ninaowajua. Nilikutaja na wewe."

Alichokisema ndicho hasa kilichonizuia kula, na ndicho pia kilichokuwa ushahidi wa mapenzi yake. Niliondoka siku ile na mambo hayo mawili, sikujua niyaweke wapi.

Baada ya vita nilihamia Mwadui, kwenye almasi, nikawa karibu na nyumbani. Hapo nilioa. Waislamu tulikuwa wa kila upande, Wanyamwezi, Wamanyema, watu wa pwani, na tulikuwa na msikiti mdogo wa udongo wenye paa la madebe. Ramadhani tulifuturu pamoja, uji na mihogo na tende zikipatikana. Katika mkeka ule sikuwa mgeni, wala hakuna aliyenitania. Lakini mara nyingi, mkono ukiwa ndani ya sinia, nilijikuta nikitafuta mkono mwingine, wenye kovu la kamba ya ng'ombe kwenye kidole gumba.

Nyumbani nilikwenda kila nilipopata ruhusa. Mama alinunua chungu kipya, akakitundika peke yake, akakataza watoto wasikiguse. Humo alinipikia mlenda, kunde na samaki wakavu wa ziwani. Wadogo zangu walikiita chungu cha sheikh. Wakiwinda ngiri, yule wa ulimi mrefu alinipitishia mguu wa mnyama karibu na pua, akiniomba nimsomee dua alale pema. Nilimzoea. Mama pia alinizoea. Aliacha kuniuliza habari ya maji ninayopoteza kwa kunawa miguu iliyokwisha kuwa safi, na kiangazi kikikaza akanionyesha mwenyewe pahali penye vumbi zuri la kutayamamu badala ya maji.

Baba ndiye aliyebadilika. Aliacha kuchinja nikiwapo. Kaya yetu ilijulikana kwa nyama; baba alikuwa mtu asiyeruhusu mgeni kuondoka na mdomo mkavu. Sasa nilipofika, majirani walijua hakuna kitu, hawakuja. Tulikaa shikomeni wenyewe kwa wenyewe na ugali wetu na maziwa, tukizungumzia mvua. Hakunilaumu hata mara moja. Heri angenilaumu. Nilimuona akiangalia bakuli la mti lililolala kifudifudi kando ya ukuta, nami nilijua kwamba dini yangu, niliyoipenda na ninayoipenda, ilikuwa imeikausha kaya ya baba yangu kwa siku zote nilizokuwapo. Nilitamani kitu kimoja tu: kula nyama ya kaya ile, kutoka mkononi mwake, bila kumuasi Mungu. Yeye, nilivyokuja kujua, alitamani hicho hicho.

Njia nyepesi ilikuwa nichinje mimi. Sote tuliiona na hakuna aliyeweza kuitaja. Mimi kukiomba kisu kile kungekuwa tusi, na yeye kunipa kungekuwa kujitangaza marehemu.

Kisha akaugua kifua, akapona nusu. Mara tu alipoweza kutembea na fimbo, alimtuma mdogo wetu wa mwisho aje Mwadui kuniita, bila kusema sababu. Nilipokaribia nyumbani nilisikia watu kabla sijaiona nyumba. Majirani walikuwa wamejaa, moshi unapanda, na ngozi mbichi ya dume imetandazwa juani. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, amekonda, anatabasamu kama mtu aliyeficha kitu nyuma ya mgongo.

"Leo utakula," akaniambia. "Amechinja mwenzenu. Nilimtafuta mwenyewe."

Alikuwa amewaza kitandani. Mtoto hawezi kushika kisu, lakini mpita njia si mrithi. Akikishika hamwondoi mwenye kaya. Kwa hiyo alikwenda kukaa barabarani, mgonjwa vile, mpaka akamuona mtu aliyevaa kanzu nyeupe anapita na baiskeli. Akamsimamisha, akamuomba aje amchinjie kwa namna ya Waswahili, kwa ajili ya mwanawe. Yule mtu alikubali kwa heshima.

Nilipelekwa kusalimiana naye. Alikuwa kijana nadhifu, amekaa kivulini na maziwa. Nilimpa salamu ya Kiislamu. Akanijibu, "Ahsante, ndugu. Amani ya Bwana iwe nawe."

Alikuwa mwalimu wa dini wa misheni. Walimu wa misheni nao walivaa kanzu siku zile, na kwa macho ya baba kanzu ilikuwa kanzu. Nilimuuliza kwa upole kama alimwambia mzee wangu yeye ni nani. Akaniambia hakuulizwa. Alidhani anaombwa kwa sababu ya usafi wake, na kabla ya kukata alisali. Yule mdogo wangu wa ulimi mrefu akaingilia kunisaidia. "Alisali kweli. Alijigusa hivi, kichwani, kifuani, mabegani. Tukasema, hiyo ndiyo yenyewe."

Nilikuja kuwasikia wanavyuoni wakibishana juu ya nyama ya watu wa Kitabu, wako waliohalalisha na waliokataa. Siku ile nilijua nilichofundishwa tu, kwamba haifai. Bakuli la mti lilikuwa limegeuzwa, limejaa. Nilitembea mpaka kwenye kigoda, nikachutama mbele ya baba, nikamwambia kwa Kisukuma, polepole, kwamba yule bwana ni mtu mwema lakini si mwenzangu.

Alimwangalia mwalimu. Akaniangalia mimi. "Na kanzu ile?"

"Ni nguo tu, baba."

Nilingoja hasira. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikafikiri kifua kimerudi. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka mama akaja na maji, na majirani wakaanza kucheka wasijue wanacheka nini, na yule mwalimu alipoelezwa akacheka kuliko wote. Waliila ile nyama kwa furaha. Mimi nilikula kunde za chungu changu. Lakini nilikuwa nimeona kilichokuwa chini ya kicheko kile: mgonjwa amekaa juani barabarani, anahesabu nguo za wapita njia.

Asubuhi, nilipotoka kuswali nyuma ya ghala, alikuwa amesimama pale pale aliposimama miaka ile. Mkononi alishika ala ya ngozi. Nyuma yake walikuwa wadogo zangu; yule wa ulimi mrefu alikuwa amemshika kondoo dume kwa pembe, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa na la kusema.

"Mimi naishiwa na barabara," baba akasema. "Chukua."

Nikamwambia siwezi, angali hai.

"Najua niko hai. Ndiyo maana nakupa mwenyewe." Halafu akauliza, na hili ndilo lililomnyima usingizi, "Ukikata, wazee utawataja?"

"Hapana, baba. Pale namtaja Mungu peke yake."

Alifikiri. Mama alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni.

"Basi wewe mtaje wako," akasema. "Wazee nitawaeleza mimi. Wananijua."

Nilikipokea kwa mikono miwili. Nilimlaza kondoo, nikamwelekeza kibla, upande wa ziwa. Baba akaomba nimwonyeshe hasa ni wapi, nikamwonyesha, akasogeza kigoda chake kisiwe katikati. Nikasema Bismillahi, Allahu Akbar. Kisu kilikuwa kikali kama alivyokitunza siku zote.

Jioni bakuli liliwekwa katikati. Magonjwa yalikuwa yamemng'oa meno mengi, nyama hakuweza tena kuitafuna, alikunywa mchuzi. Lakini ini alilitoa kwenye makaa yeye mwenyewe, akalipuliza, akalikata vipande viwili kwa vidole. Kimoja akaninyooshea. Kilikuwa cha moto mno. Kingine, kwa kuwa ini ni laini, akala yeye.

Hatukupata jioni nyingine kama hiyo. Mvua za mwaka ule zilipoanza, kifua kilimrudia. Wadogo zangu walimzika kwa taratibu zake alizozitaka, na mimi nilisimama pembeni yao, mwana miongoni mwa wana. Hawakubishana nami juu ya kisu. Walikuwapo alipokitoa.

Sasa kimechomekwa kwenye paa la nyumba yangu. Kila Idi ya kuchinja nakitoa, nakinoa, nataja jina la Mungu, nagawa nyama kama inavyopasa. Watu hujaa uani kwangu, kama walivyojaa kwake. Ini la kwanza linapoiva mkono wangu bado husita, unatafuta pa kulipeleka. Kumwekea aliyekwenda si katika dini yangu, na sifanyi hivyo. Hulipuliza likapoa kidogo, kisha natafuta kati ya wageni mzee asiye na meno, nampa.