Carbon clincher zilivyonifanya nimwamkie shemeji

Wakuu, heshima kwenu. Shule niliishia la tatu, kwa hiyo warekebisha herufi kaeni pembeni. Hili limenikuta mwenyewe na kovu ninalo.

Mimi wa Kilolo. Baiskeli ndiyo imenitoa: nimeshusha mkaa Iringa mjini miaka na miaka, gunia mbili kwa safari, mpaka nikanunua lori. Sasa nipo Mbeya, naendesha baiskeli za racing kwa raha zangu.

Nina shemeji, Ambokile, kaka wa mke wangu. Tunalingana, ila kila mmoja anadai yeye ndiye mkubwa. Cheti cha kuzaliwa hana, mimi sina. Basi kwenye kipaimara, mbele ya ukoo mzima, tukawekeana dau: tunapanda mlima wa Kawetere kwa baiskeli na kurudi mjini. Atakayeshindwa atampa mwenzake shikamoo mpaka kaburini.

Nikaenda kwa fundi kutafuta rimu nyepesi za carbon. Kuna aina inaitwa tubular, tairi inabandikwa kwa gundi. Nikakataa, sipandi kitu cha gundi mimi. Nikachukua carbon clincher: inavaa tairi na tyubu ya kawaida, pancha unaziba mwenyewe. Nyepesi, unainua kwa kidole.

Fundi akasema, "Mzee, breki inabana rimu yenyewe. Kwenye mteremko bana, achia, bana, achia. Carbon haipendi joto."

"Kijana, nimeshusha mkaa wewe hujazaliwa."

Siku ikafika. Kupanda nilimwacha shemeji mpaka nikamsahau. Kule juu nikasimama kunywa maji. Dharau tu.

Nikageuza. Sasa mtu wa mkaa akiona mteremko, mikono inajibana yenyewe. Ukiwa na gunia unashika breki toka juu mpaka chini, ukiachia unazikwa.

Nikashika hivyo hivyo.

Kona ya tatu nikasikia harufu, kama mpini wa sufuria unaungua. Nikasema kuna watu wanachoma mkaa msituni. Nikafurahi hata, nikakumbuka nyumbani!

PAAA!

Rimu ya mbele imelainika, ukingo umefunguka, tyubu imepasuka. Nikaingia mtaroni, nikatokea kwenye viazi vya watu.

Ambokile huyo na rimu zake za alminiamu, anapiga kengele. "Shemeji! Mkaa umeiva?"

Nikabeba baiskeli begani nikakimbia. Nilifika. Yeye alishamaliza soda.

Funzo: kama breki zako ni za kubana rimu na unaishi milimani huku, carbon clincher waachie watu wa tambarare. Chukua alminiamu. Au msikilize fundi, ila hilo kwa sauti silisemi.

Jumapili shemeji alinisubiri mlangoni kanisani, watu wamejaa. Nikasema shikamoo, chini chini. Akaweka mkono sikioni. Nikarudia.

"Marahaba, mwanangu."

Kanisa lina mlango wa nyuma, nimeshaukagua.

Nyie wenye carbon mnaoishi Tukuyu na Njombe, mnashukaje? Semeni.

Ila atakayeandika "marahaba" hapa chini nam-block.