Siku Mama Alipoomba Sauti ya Sinema Izimwe

Kaka yangu alikuwa na jino la mbele lililovunjika, na kila alipocheka aliziba mdomo kwa mkono. Mama alikuwa akimwambia aiache tabia hiyo, kwamba hakuna msichana atakayekubali kuolewa na mtu anayeficha kicheko chake. Tulikuwa wawili tu, yeye na mimi. Baba alifariki tungali wadogo.

Wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni tulitolewa kwenye shamba letu kule juu, tukaletwa kukaa katika kijiji kilichozungushiwa handaki, kupita Nkubu kidogo. Handaki lenyewe tulilichimba sisi wenyeji. Wanawake walishinda humo na majembe, na Mama, ambaye mgongo wake ulikuwa mbovu tangu zamani, alirudi jioni akitembea kama mtu anayetafuta sindano ardhini. Familia za mahomgadi, wenyeji waliolinda kwa upande wa serikali, hazikuchimba. Basi kaka yangu akaenda kujiandikisha. Akapewa mkuki kwanza, baadaye bunduki, pamoja na koti na kitambaa chekundu cha kufunga mkononi ili wenzake wamtambue.

Mjomba wetu, mdogo wake Mama, alikuwa msituni na wale waliokuwa wakipigana na Mzungu. Nyumba nyingi zilikuwa hivyo. Mama aliwaombea wote wawili kwa pumzi moja, mwanawe na ndugu yake, wala hakuona ajabu yoyote.

Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Embu, nilikosomea ualimu, na nilifundisha darasa la kwanza katika shule ya kijiji.

Siku moja alikuja Mzungu mwenye kamera ya sinema. Aliwapiga picha mahomgadi wakipiga kwata, wakinywa uji, wakipasua kuni. Aliwakataza kuitazama kamera. Kaka yangu alikuja nyumbani akatuigizia yote, akitembea kifua mbele kama jogoo aliyenunuliwa jana.

"Nitaonekana mpaka Nairobi," akasema.

"Uliziba mdomo?" Mama akamwuliza.

"Nilisahau, Mama. Nilicheka hivyo hivyo."

Mvua zilipoanza, walipelekwa doria ukingoni mwa msitu wa Mlima Kenya. Kaka aliletwa kwa machela, amefunikwa koti lake. Afisa wa kituo alisema magaidi walimvizia. Alizikwa kijeshi, bunduki zikapigwa hewani, na yule Mzungu wa kamera alikuwepo tena, akizunguka kaburi kutafuta mahali pazuri pa kusimama. Mama hakutoa chozi mbele yao. Alikuja kuniambia baadaye kwamba wakati wote ule alikuwa akijiuliza jambo moja: je, ndugu yake alikuwa miongoni mwa waliomvizia mwanawe?

Kaka alikuwa na rafiki. Walitahiriwa pamoja, wakaingia uhomgadi pamoja, na tangu utoto wake alikula kwetu bila kukaribishwa. Baada ya mazishi hakuonekana. Kisha akaja mchana mmoja, tukiwa tumeketi nje, Mama akichambua maharagwe meusi ya njahi kwenye uteo.

"Mama," alisema akiwa amesimama, "nimekuja kukuambia kitu. Ukitaka kunipiga baada ya kunisikia, jembe liko pale."

"Keti kwanza."

Hakuketi. Alitueleza kwamba walikuwa vikundi viwili, na ukungu ulikuwa mzito hata mtu hakuweza kuona miguu yake. Kaka alikuwa amejifunika gunia kwa sababu ya mvua, na gunia likaficha kile kitambaa chekundu.

"Nikaona mtu akitokeza kwenye mianzi. Nikapiga. Nilipomfikia, akanitazama akaniuliza, 'Ni wewe?' Nikamwambia ni mimi. Basi, hakusema tena." Alilitazama lile jembe. "Afisa alisema nikifungua mdomo nitafungwa. Lakini mimi nimekula mikononi mwako."

Mama aliendelea kuchambua. Niliona akizitupa njahi nzima na kuziacha mbovu kwenye uteo, wala hakujua.

"Watu wa msitu walikuwepo?" akauliza hatimaye.

"Hawakuwepo. Tulikuwa sisi kwa sisi."

"Kwa hiyo ndugu yangu hakuwepo."

"Hakuwepo, Mama."

Akaweka uteo chini, akainuka, akamwekea yule kijana mkono kichwani. Hapo ndipo kilio kilipomtoka, kilio alichokizuia tangu kaburini, na kijana naye akalia akiwa ameinamisha kichwa chini ya mkono ule.

"Sasa nenda," Mama akamwambia. "Utarudi. Leo siwezi kukutazama."

Alirudi na mzigo wa kuni, akauweka mlangoni, akaondoka. Akarudi na mwingine. Siku zilivyopita Mama akaanza kumwekea uji kwenye kibuyu kidogo, kisha akaanza kumwambia aunywee ndani. Mimi nilikuwa nikitoka kila alipoingia. Sikumsalimia. Nilimwona Mama kama mtu aliyelogwa.

Msimu uliofuata gari la sinema likaja. Kwa sababu ya kafyu ya usiku, walionyesha mchana darasani kwangu, madirisha yamezibwa kwa mablanketi tuliyoagizwa kuyaleta kutoka majumbani. Kuhudhuria kulikuwa lazima. Mama alibanwa kwenye dawati la watoto, nami nikaketi kando yake. Rafiki wa kaka alikuwa zamu mlangoni na bunduki yake. Afisa alibaki nje kwenye gari, akinywa chai.

Shuka jeupe lililotundikwa ukutani likawaka mwanga, na mara kaka yangu alikuwa pale, mkubwa kuliko alivyokuwa maishani. Alipiga kwata. Alikunywa uji. Sauti ya mtu tusiyemwona ilikuwa ikinguruma kwa Kiswahili cha redioni, na Mama hakujua Kiswahili.

"Anasema nini?" akaninong'oneza.

Ilikuwa ikisema kwamba kijana huyu shujaa aliuawa na magaidi, watu wa kabila lake mwenyewe waliogeuka wanyama. Nikamwambia Mama vile vile kwa Kimeru. Sikuweza kumdanganya, angeusoma uso wangu hata gizani.

Alitazama mpaka kaburi lilipoonekana na shuka likawa jeupe tena. Kisha akanivuta mkono. "Mwambie mwenye mashine airudishe. Na huyo anayesema anyamaze. Nataka kumwona mwanangu bila huyo mtu."

Mwenye mashine alikuwa kijana Mwislamu wa mjini Embu, mwenye kofia nyeupe. Nilimweleza ombi la Mama.

"Huyu ndiye mama yake?" akauliza.

"Ndiye."

Alitazama mlangoni, akamtazama Mama. "Mpe pole nyingi," akasema. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mashine hii mbovu sana, saa nyingine sauti hupotea." Akazungusha kitu, akairudisha filamu mwanzo.

Safari hii tulisikia mlio wa mashine tu, kama cherehani. Kaka akatokea na shoka, rafiki yake akiwa upande wa pili wa gogo. Akasema kitu, akaigeukia kamera aliyokatazwa kuitazama, akacheka, mdomo wazi.

"Tazameni hilo jino!" mama mmoja akasema nyuma yetu, na darasa zima likashusha pumzi.

"Hapo anasema nini?" Mama akauliza, wala hakuniuliza mimi.

Sauti ikatoka mlangoni, kwa Kimeru. "Hapo ananiambia shoka langu haliwezi kukata hata ndizi iliyoiva."

Watu wakacheka. Mama pia.

"Na hapo?"

"Hapo Mzungu amemkemea kwa kutazama kamera. Naye anamjibu, lakini jibu lenyewe siwezi kulisema mbele yako, Mama."

"Sema."

Akasema. Wale wanawake waliochimba handaki walicheka mpaka wakafutana machozi, na sikujua tena ni machozi ya nini.

Tulipotoka nilisimama mlangoni, nikamsalimu. Akaitikia kwa kuinamisha kichwa.

Hali ya Hatari ilipokwisha tulirudi shambani. Rafiki wa kaka ndiye aliyemjengea Mama nyumba. Walikuwa wakisimamisha nguzo siku mjomba alipotokea njiani, ametoka kizuizini alikofungwa baada ya kukamatwa msituni, amekonda mpaka Mama hakumjua mara moja. Alipomwona yule homgadi wa zamani akasita.

"Huyu anafanya nini hapa?"

"Huyu ndiye aliyempiga mwanangu risasi," Mama akasema, "na ndiye pekee aliyekuja kuniambia kwamba si wewe."

Mjomba akamtazama yule kijana. Hakumpa mkono siku ile, wala nyingine nyingi zilizofuata. Lakini nguzo ilikuwa imeanza kulalia upande, na kijana alikuwa ameishikilia peke yake, mishipa ya shingo imemtoka. Mjomba akatua kifurushi chake chini, akaenda akashika upande wa pili.