Niliandika 30 bila kuuliza ni 30 ya nini

Wakuu, salamu kwenu. Haya sijayatunga, na wala sijivunii.

Mimi ni programmer, naishi Ngoingwa. Kituo kimoja cha kuangulia vifaranga huko Ruiru kiliniita niwafungie alarm, feni ya mashine ikizima ilie.

Nikatumia library, code ya watu wengine iliyo bure mtandaoni. Docs zake, yaani maelezo ya matumizi, kuhusu muda wa kusubiri kabla alarm ilie zilisema tu, "weka namba." Sekunde? Dakika? Kimya.

Nikaandika 30, nikachukulia ni sekunde. Swali nilikuwa nalo, lakini kwa group yetu ya macoder ukiuliza unaambiwa "soma docs", halafu unachekwa wiki nzima. Nikabonyeza test, ikalia papo hapo, kumbe test haisubiri ule muda. Nikaridhika.

Mhudumu wa mashine ni Wekesa, mzee mpole wa kutoka Bungoma. Kila baada ya dakika chache alikuwa anaingia, anaweka kiganja mbele ya feni kusikia upepo.

Nikamwambia, "Mzee, wacha kufungua fungua mlango. Alarm itakuita."

Akaniamini. Hiyo ndiyo inaniuma.

Jumatatu moja mchana feni ikazima. Alarm ililia nusu saa baadaye. Wekesa alipofungua, treya zote zilikuwa kimya. Vifaranga wa siku moja, wote wamekufa kwa joto.

Meneja akasema mzee alilala kazini, akamfukuza.

Nikafungua code ya ile library. Zilikuwa dakika. Hakuna mwingine angejua, na wakuu, nilinyamaza siku mbili. Ya tatu nikaenda kwa meneja nikasema ni mimi. Wekesa akarudishwa. Mimi sijaitwa tena.

Kisha nikawaandikia wenye library mstari wa kuongeza kwa docs: "Namba hii ni dakika. Ukiweka 30, alarm italia baada ya nusu saa." Kabla ya kuutuma nilimpelekea Wekesa. Akausoma mara mbili, polepole.

"Hii hata mimi naelewa," akasema. "Ile ya kwanza wewe ulikuwa umeelewa?"

"Hapana, mzee."

"Na hukuuliza."

Hakusema kwa hasira. Aliingia ndani kuweka kiganja chake mbele ya feni, na safari hii sikumkataza.

Kuuliza si ujinga, wakuu. Docs zisipoeleweka uliza, na ukishaelewa, andikia anayekuja nyuma yako. Wenye wamewahi kunyamaza kama mimi, semeni hapa chini. Sitacheka mtu.